Tangazo Linalongoja Hasara: Hoja Dhidi ya Dharura Zinazotangazwa Theluji Ikishaanguka

Katika miji na kaunti za Marekani na Kanada zinazopigwa na dhoruba kali za majira ya baridi, imezoeleka kwamba hali ya dharura hutangazwa pale theluji inapokuwa imekwisha kujaa barabarani, nyaya za umeme zimekatika na magari yamekwama, na kwamba kazi kubwa ya tangazo hilo ni kuziarifu ngazi za juu za serikali kuwa mji umezidiwa na unahitaji fedha. Dhana hii imeota mizizi kiasi kwamba meya anayesaini tangazo siku mbili baada ya dhoruba husifiwa kuwa amechukua hatua, ilhali anayeonekana kuwahi au kuzidisha hubezwa, kama alivyobezwa Mel Lastman, meya wa Toronto, aliyechekwa na Kanada nzima mwezi Januari 1999 kwa kuita wanajeshi waje kusaidia kuondoa theluji. Makala haya yanaipinga dhana hiyo katika nguzo zake zote mbili, ile ya muda na ile ya fedha. Tangazo la dharura la serikali ya mtaa ni chombo cha kutolea amri, nguvu yake hupungua kwa kila saa inayopita, na kiongozi anayengoja hasara ionekane ndipo alitoe hapati hata ile faida ya fedha anayodai kuifuata.

Kisheria, tangazo la hali ya dharura ni tamko la kiongozi mwenye mamlaka ya utendaji, awe meya wa jiji au mkuu wa kaunti (kaunti ikiwa ni ngazi ya utawala iliyo kati ya jimbo na mji), kwamba utaratibu wa kawaida umewekwa kando kwa muda ili atumie mamlaka ambayo siku za kawaida hana. Katika jimbo la New York mamlaka hayo yamo katika kifungu cha 24 cha Sheria ya Utendaji ya jimbo hilo, kinachomruhusu kiongozi wa mtaa kupiga marufuku magari na watembea kwa miguu, kuweka saa za kutotoka nje, kufunga kumbi na mahali pa mikusanyiko, kuteua majengo ya kuwahifadhi watu na hata kusimamisha kwa muda sheria ndogo za mji wake. Anayekiuka amri hizo kwa makusudi anatenda kosa la jinai, ingawa la daraja la chini. Ukiisoma orodha hiyo kutoka juu hadi chini huoni amri inayohusu kuhesabu hasara. Unachokiona ni amri za kuwazuia watu wasiingie katika hatari, na amri ya namna hiyo haina la kufanya pale watu wanapokuwa wamekwisha kuingia.

Watetezi wa mazoea ya kungoja hupenda kusema kwamba sheria yenyewe inataka madhara yathibitike kwanza. Sheria hazisemi hivyo. Kifungu hichohicho cha New York kinaruhusu tangazo litolewe maafa yanapotokea na vilevile pale panapokuwa na hofu ya msingi kwamba hatari imekaribia. Sura ya 418 ya Kanuni za Serikali za Texas, inayompa uwezo huo meya au jaji wa kaunti (ambaye, jina lake lisiwapotoshe wasomaji, ni mkuu wa utawala wa kaunti zaidi ya kuwa hakimu), inaingiza tishio la karibu katika maana yenyewe ya maafa. Waliozitunga sheria hizi walijua kwamba dhoruba ya theluji, tofauti na tetemeko la ardhi, hutangulizwa na taarifa za utabiri kwa siku kadhaa, na wakawaachia viongozi nafasi ya kuzitumia siku hizo. Kiongozi asiyeitumia nafasi hiyo atafute kisingizio kingine, maana katika sheria hakimo.

Nguzo ya fedha ndiyo inayoshikiliwa kwa nguvu zaidi, na ndiyo dhaifu zaidi. Msaada wa serikali kuu ya Marekani kwa maafa unaongozwa na Sheria ya Stafford ya mwaka 1988, na sheria hiyo inamtambua mwombaji mmoja kwa niaba ya miji na kaunti zote za jimbo, naye ni gavana. Tangu mwaka 2013 mataifa ya wenyeji asilia yameruhusiwa kumwomba Rais moja kwa moja, lakini meya hana mlango huo, awe wa jiji kubwa au wa kitongoji. Gavana naye hana budi kuonyesha kwamba uzito wa tukio umeushinda uwezo wa jimbo na wa serikali zake za mitaa, na mojawapo ya vipimo vinavyotumiwa na FEMA, shirika la serikali kuu linalosimamia maafa, ni gharama kwa kila mkazi wa jimbo, kipimo kilichowekwa kuwa dola 1 mwaka 1986 na ambacho tangu mwaka 1999 kimekuwa kikipandishwa kufuatana na mfumuko wa bei. Rais akiridhika, serikali kuu hulipa si chini ya asilimia 75 ya gharama zinazokubalika. Neno la kuangaliwa hapo ni zinazokubalika.

Kwa theluji mlango ni mwembamba zaidi. FEMA huchukulia ukwanguaji wa theluji kuwa gharama ya kila mwaka ambayo mji wa nchi ya baridi unapaswa kuipangia bajeti, na kwa hiyo, kwa kawaida, haulipii. Ili ulipiwe, theluji iliyoanguka katika kaunti lazima ifikie au ikaribie rekodi ya eneo hilo, na kukaribia maana yake ni kuwa ndani ya asilimia 10 ya rekodi. Gharama za kaunti nazo lazima zivuke kiwango chao kwa kila mkazi. Na hata hayo yote yakitimia, kinacholipiwa kwa kawaida ni kazi ya saa 48 mfululizo, ambazo mji huruhusiwa kuzichagua pale gharama zake zilipokuwa kubwa zaidi. Mji ulioshinda ukikwangua theluji kwa wiki nzima huikuta siku ya tatu na kuendelea imebaki mikononi mwa walipa kodi wake. Katika mlolongo wote huo, kuanzia kina cha theluji hadi stakabadhi za mafuta ya mitambo na saa za ziada za madereva, hakuna mahali panapoulizwa kama meya alisaini tangazo lake Jumatano au Jumapili. Aliyengoja hakupewa senti ya ziada kwa kungoja kwake.

Ni kweli kwamba baadhi ya majimbo hufanya tangazo la serikali ya mtaa kuwa sharti la msaada wa jimbo lenyewe, na hoja hii inastahili kujibiwa kwa sababu ndiyo inayotajwa na wahasibu wa kaunti. California, kwa mfano, inadai tangazo hilo litolewe ndani ya siku 10 tangu tukio kutokea, na likitolewa na ofisa badala ya baraza, baraza liliidhinishe ndani ya siku 7. Lakini sharti hilo linaweka ukomo wa kuchelewa, na hakuna adhabu linayomwekea aliyewahi. Hasara ya kuligeuza sharti la wahasibu kuwa saa ya kufanyia kazi ilionekana katika milima ya San Bernardino mwaka 2023, ambako dhoruba zilizoanza katika juma la nne la Februari zilizifukia jamii za Crestline, Lake Arrowhead na jirani zake. Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa ilikuwa imetoa tahadhari ya tufani ya theluji, jambo la nadra mno kusini mwa California. Kaunti ilitangaza dharura tarehe 27 Februari, na gavana akafuata tarehe 1 Machi kwa kaunti 13. Kwa hesabu za fedha hapakuwa na kuchelewa kokote, kwa kuwa siku 10 hazikuwa zimekwisha. Kwa hesabu za mkazi wa Crestline, aliyekuwa amezibiwa mlango na theluji iliyomzidi kimo na ambaye duka kubwa la chakula la mji wake liliporomoka paa kwa uzito wa theluji hiyohiyo, mambo yalikuwa yamekwisha kuharibika.

Ushahidi mzito kuliko wote, hata hivyo, uko Buffalo, mji wa jimbo la New York ulioko mwisho wa mashariki wa Ziwa Erie, ambako upepo wa baridi kali ukipita juu ya maji ambayo bado yana joto kiasi huzoa mvuke na kuumwaga nchi kavu kama theluji nzito katika ukanda mwembamba. Mji huu haukuwa mgeni wa mambo haya. Tufani ya Januari 1977 iliua watu 29 magharibi mwa New York, baadhi yao wakiwa ndani ya magari yao, na ndiyo iliyomfanya Rais Jimmy Carter kutoa tangazo la kwanza la maafa la serikali kuu kwa ajili ya theluji. Kwa hiyo palikuwa na kumbukumbu, palikuwa na mitambo, palikuwa na wataalamu. Mwaka 2022 ukaleta dhoruba mbili katika muda wa majuma matano, na tofauti ya namna kaunti ya Erie, ambamo Buffalo imo, ilivyozishughulikia ni darasa tosha.

Dhoruba ya kwanza iliingia usiku wa Alhamisi, tarehe 17 Novemba. Marufuku ya magari iliwekwa kuanzia saa tatu usiku huohuo, kabla theluji haijashika kasi, wakati ambao wafanyakazi wengi walikuwa wamekwisha kurudi majumbani na maduka yanafungwa. Orchard Park, kitongoji cha kusini mwa Buffalo, kilipata theluji ya karibu mita 2, kiasi ambacho mahali pengine kingeacha makaburi mengi, lakini vifo vilikuwa vichache na baadhi yake vilitokana na moyo kusimama wakati wa kukwangua theluji. Barabara zilikuwa tupu, na mitambo ikafanya kazi yake bila kuzunguka magari yaliyotelekezwa.

Dhoruba ya pili ilitabiriwa vizuri zaidi ya ile ya kwanza. Siku kadhaa kabla ya Krismasi ofisi ya hali ya hewa ya Buffalo ilikuwa ikionya, kwa lugha isiyo ya kawaida yake, kwamba kinachokuja ni tukio la mara moja katika kizazi. Gavana Kathy Hochul alitangaza hali ya dharura ya jimbo zima iliyoanza kutumika saa kumi na mbili asubuhi ya Ijumaa, tarehe 23 Desemba. Marufuku ya magari ya kaunti, yaani amri yenyewe yenye meno, ilianza saa tatu na nusu asubuhi ya siku hiyohiyo, na ilitangazwa chini ya saa moja kabla ya kuanza. Maelezo yaliyotolewa na uongozi wa kaunti yalikuwa kwamba wafanyakazi wa zamu ya usiku walihitaji nafasi ya kurudi makwao. Nia haikuwa mbaya, lakini nafasi hiyohiyo ndiyo iliyowatoa nyumbani wafanyakazi wa zamu ya asubuhi, na waajiri ambao hawakuwa wamepewa amri yoyote Alhamisi usiku hawakuwa na sababu ya kufunga.

Kilichofuata kinajulikana. Tufani ilivuma kwa takribani saa 37 mfululizo, na hadi ilipotulia sentimita 132 za theluji zilikuwa zimepimwa kwenye uwanja wa ndege wa Buffalo. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama pamoja na magari ya wale waliokuwa wakisubiri kuokolewa, na mitambo ya kukwangua theluji ikashindwa kupita kwa sababu njia ilizibwa na mamia ya magari yaliyoachwa katikati ya barabara. Zaidi ya watu 40 walikufa katika kaunti ya Erie: wengine ndani ya magari, wengine wakitembea, wengine katika nyumba zilizokosa umeme na joto, wengine wakingoja msaada wa kitabibu ambao haukuweza kufika. Ndani ya mji wa Buffalo, waliokufa kwa sehemu kubwa walikuwa Wamarekani weusi. Ripoti ambayo jiji liliwaomba wataalamu wa Chuo Kikuu cha New York waiandae, iliyotoka Juni 2023, iliitaja marufuku iliyochelewa kuwa mojawapo ya kasoro za msingi. Tangazo la dharura la Rais Joe Biden lilitolewa tarehe 26 Desemba kwa kaunti za Erie na Genesee. Lilikuja haraka, na kwa waliokufa barabarani siku tatu kabla halikuwa na maana yoyote.

Haitakuwa haki kuzilinganisha dhoruba hizo mbili kana kwamba ni moja. Ile ya Novemba ilikuwa nzito lakini ilipiga ukanda mwembamba na upepo wake haukuwa wa kutisha. Ile ya Desemba ilikuja na upepo wa kimbunga na baridi iliyoshuka kwa ghafla, na hata marufuku iliyowahi isingeokoa kila mtu, hasa wale waliokufa ndani ya nyumba. Hata hivyo tofauti hiyo inaiongezea nguvu hoja ya makala haya. Kadiri dhoruba inavyokuwa kali zaidi, ndivyo muda wa kutoa amri unavyozidi kusogea nyuma, kwa kuwa upepo ukishaanza hakuna askari wa kuisimamia amri wala dereva wa kuitii.

Kwa nini basi viongozi, ambao si wajinga na wana washauri, huendelea kungoja? Sehemu ya jibu iko katika historia ya uchaguzi. Februari 1969 theluji ya sentimita zisizofika 40 iliua watu 42 katika jiji la New York, karibu nusu yao wakiwa wa mtaa wa Queens, ambako barabara zilibaki bila kukwanguliwa kwa siku nyingi, na jina la meya John Lindsay halikusafika tena masikioni mwa wakazi wa huko. Mwaka 1979 Michael Bilandic, meya wa Chicago, alishindwa na Jane Byrne katika uteuzi wa chama chake wiki chache baada ya dhoruba iliyousimamisha mji. Wanasiasa walijifunza kutokana na mikasa hiyo kwamba mpiga kura huadhibu theluji isiyoondolewa. Hawakujifunza kuwahi, kwa sababu kuwahi hakuonekani. Andrew Healy na Neil Malhotra, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu chaguzi za Marekani, walionyesha kwamba wapiga kura humzawadia kiongozi kwa fedha za misaada zinazotolewa baada ya maafa lakini hawamzawadii kwa fedha za kujiandaa, ingawa kwa makadirio yao dola 1 ya maandalizi huokoa takribani dola 15 za hasara ya baadaye. Mbele ya soko la kura la namna hiyo, meya anayesaini karatasi mbele ya kamera huku nyuma yake mtambo ukikwangua barabara anafanya biashara nzuri. Tangazo lake ni namna ya kujikosha.

Sehemu nyingine ya jibu ni waajiri, na hapa wachambuzi wengi hupita haraka. Tangazo lisiloambatana na marufuku humwachia kila mwajiri uamuzi wa kufunga au kutofunga, na humwachia kila mfanyakazi anayelipwa kwa saa uamuzi wa kwenda au kutokwenda, kana kwamba wawili hao wana nguvu sawa. Mfagizi wa hospitali au mhudumu wa mgahawa anayetazama theluji dirishani anajua kwamba asipofika anaweza kumwaga unga, na utabiri wa hali ya hewa haumkingi na hilo. Marufuku ya serikali humpa sababu ambayo hana uwezo wa kujitengenezea mwenyewe. Inaposemwa kwamba watu walionywa lakini wakapuuza, kama ilivyosemwa baada ya Krismasi ile ya Buffalo, ni vyema kuulizwa ni wangapi kati yao walikuwa na hiari ya kutii.

Pingamizi linalotolewa mara nyingi dhidi ya kuwahi ni kwamba utabiri hukosea, na tangazo likitolewa bure mara moja halitasikilizwa mara ya pili. Mfano unaopendwa ni ule wa tarehe 26 Januari 2015, ambapo katika jiji la New York magari na treni za chini ya ardhi zilisimamishwa kuanzia saa tano usiku kwa kuogopa tufani ya kihistoria, kisha tufani ikapita mashariki zaidi na Central Park ikapata theluji ya sentimita 25 tu. Mtabiri mmoja wa idara ya hali ya hewa aliomba radhi hadharani, na magazeti yakacheka. Lakini gharama yenyewe ilikuwa nini? Marufuku iliondolewa saa moja na nusu asubuhi. Jiji lilipoteza usiku mmoja, tena usiku ambao wengi walikuwa wamelala. Ukiweka usiku huo upande mmoja wa mizani na siku tano za Buffalo upande wa pili, ambako marufuku ndani ya mji haikuondolewa hadi tarehe 29 Desemba, ni vigumu kuelewa kwa nini kosa la kwanza ndilo linalofanywa kuwa funzo. Miaka miwili kabla, Gavana Deval Patrick wa Massachusetts alikuwa amefunga barabara zote za jimbo kuanzia saa kumi jioni ya tarehe 8 Februari 2013, baada ya kuwapa watu saa kadhaa za kufika makwao na kuwaachia nafasi wahudumu wa afya na mafundi wa umeme. Theluji ya Boston ilizidi sentimita 60, na marufuku ikaondolewa saa kumi jioni ya siku iliyofuata.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo ni kwamba dharura ina wahanga wake. St. John's, mji mkuu wa Newfoundland na Labrador, ulitangaza dharura tarehe 17 Januari 2020, siku ileile sentimita 76.2 za theluji zilipoanguka na kuvunja rekodi ya siku moja ya uwanja wake wa ndege, na dharura hiyo ikadumu siku 8. Maduka yalifungwa, yale ya chakula yaliruhusiwa kufunguliwa kwa saa chache kuanzia tarehe 21, na foleni zikazunguka majengo. Mwenye friji iliyojaa na mshahara wa mwezi aliichukulia kuwa likizo, ilhali aliyezoea kununua chakula cha siku kwa ujira wa siku alikosa vyote viwili. Anayetetea matangazo ya mapema hana budi kulikubali hilo bila kupepesa macho. Lakini kinacholalamikiwa katika mfano huu ni urefu wa amri na kutofikiriwa kwa maskini ndani yake, na kasoro hizo hurekebishwa kwa siku moja au mbili za onyo, ambazo mtu huzitumia kununua unga, dawa na maziwa ya mtoto. Amri inayoshuka pamoja na theluji ndiyo inayomkuta na kabati tupu.

Wapo pia wanaosema kwamba Texas iliwahi na haikusaidia. Gavana Greg Abbott alitangaza maafa katika kaunti zote 254 tarehe 12 Februari 2021, siku tatu kabla gridi ya umeme haijaanza kuzimwa usiku wa kuamkia tarehe 15, na bado idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo 246, karibu theluthi mbili yake vikitokana na mwili kupoteza joto. Hoja hii inathibitisha jambo ambalo wanaoitoa hawakulikusudia. Tangazo la Texas lilikuwa la mapema na tupu. Lilifungua mafaili na kuwaweka maofisa tayari, lakini halikuwa na amri ya kuhakikisha kwamba majengo yatakayopokea watu yana jenereta zake, wala halikugusa mitambo ya gesi na umeme ambayo haikuwa imekingwa na baridi. Kuwahi ni sharti la lazima, na peke yake hakutoshi. Mtu anayetumia kisa cha Texas kutetea kuchelewa anafanana na anayeona dawa isiyo na kiungo chake muhimu imeshindwa, kisha akashauri dawa kamili inywewe mgonjwa akishakufa.

Kuhusu hofu ya kupoteza uhuru, ambayo katika siasa za Marekani haikosi kutajwa, sheria zina jibu ambalo halitangazwi vya kutosha. Chini ya kifungu cha 24 cha New York, tangazo la mtaa haliwezi kuzidi siku 30 bila kurudiwa, na kila amri inayotolewa chini yake hufa yenyewe baada ya siku 5 isipohuishwa. Texas inampa meya au jaji wa kaunti siku 7, na baada ya hapo ni lazima baraza likubali. Ohio imekwenda njia yake, ambako mkuu wa polisi wa kaunti, anayechaguliwa na wananchi, hutangaza ngazi tatu za dharura ya theluji, na katika ngazi ya tatu barabara hufungwa kwa wote wasio wa huduma za lazima na anayekiuka amri hiyo anaweza kukamatwa. Utaratibu huu una faida moja ambayo majimbo mengine yangefaa kuiiga: dereva wa kawaida anajua, kabla ya msimu kuanza, ngazi ya kwanza inamtaka nini na ya tatu inamkataza nini, hivyo tangazo likitoka haulizi maana yake.

Baada ya dhoruba, tangazo hubaki na kazi zake halali, kama kuruhusu mikataba ya mitambo bila kupitia zabuni ndefu, kuomba msaada wa kaunti jirani na kuweka tarehe ambayo wahasibu wataanzia hesabu zao. Kazi hizo ni za kweli lakini ni ndogo, na tangazo la mapema huzifanya zote bila kupoteza hata moja. Kazi ambayo tangazo la baadaye haliwezi kuifanya kamwe ni ya kufikisha habari kwa wale ambao habari huwafikia mwisho. Mtaa wa magharibi wa Buffalo una familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, na Kiswahili husikika humo madukani na makanisani. Wengi wa wakazi hao wamelelewa mahali ambapo theluji haijulikani, na hawana gari wala akiba ya chakula cha wiki. Ujumbe wa dharura unaotumwa kwa simu za mkononi na mfumo wa taifa huandikwa kwa Kiingereza na, anayeutuma akitaka, kwa Kihispania. Ili amri ya kaunti ifike huko kwa lugha inayoeleweka, lazima mtu aitafsiri, mwingine airekodi kwa sauti, viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vya jamii waisambaze kwenye makundi ya WhatsApp, na mwenye shaka apate wa kumuuliza. Kazi hiyo inataka saa nyingi, pengine siku nzima. Kaunti inayotaka amri ya Alhamisi usiku ieleweke katika mtaa huo inapaswa kuwa imekwisha kuiandika Jumatano.